Naanza rotesheni ya watoto Jumatatu (MD mwaka wa 3), wenye uzoefu nisaidieni

Kijana_wa_Mabibo:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari (MD) mwaka wa tatu, chuo naomba nisikitaje. Jumatatu naingia wodi ya watoto. Nimetoka kwa watu wazima, huko mambo yalikuwa yanaenda, unamkuta mzee kalala unampa shikamoo anakueleza mwenyewe inauma wapi, imeanza lini, alikunywa dawa gani, unaandika kurasa tatu unaondoka zako.

Sasa juzi nikasema ngoja nikachungulie huko kwa watoto, nina rafiki yangu kundi lao ndo wapo huko sasa hivi. Aisee. Kila ninayemsogelea analia. Nikitoa stethoskopu ndo kabisa, anajirusha, mama yake anamkumbatia, sista ananiangalia kwa jicho la pembeni. Sijasikia moyo sijasikia mapafu, nimesikia kelele tu. Halafu huku kila kitu ni kwa kilo, dawa kwa kilo, maji kwa kilo, damu kwa kilo, na mapigo ya moyo ambayo kwa mtu mzima ungeita ugonjwa kwa kichanga wanakwambia yuko fiti kabisa 140.

Naomba kujua mnawapimaje hawa watoto wakiwa wanalia, historia unaichukua kwa nani maana wengine wameletwa na bibi au shangazi, dozi mnazikaririje, na hili la mwisho sijui hata kama ni la kuuliza humu, watoto wakifariki mnafanyaje, maana kundi la rafiki yangu wamefiwa na wagonjwa wao wiki hii na jamaa siku hizi haongei.

Nawasilisha.

Intani_Asiyelala:

Karibu dogo. Tatizo lako umeanza na stethoskopu. Mtoto wa chini ya miaka mitano nusu ya kazi unaimaliza kabla hujamgusa. Ukifika simama miguuni pa kitanda, piga stori na mama, macho yako yawe kwa mtoto. Anacheza au kalegea, anakufuata kwa macho au anatazama tu dari, midomo ina rangi gani, pua zinatanuka, kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani akivuta pumzi. Hapo hapo akiwa mapajani kwa mama mwambie ampandishe nguo uhesabu pumzi dakika nzima, nasema nzima, sio sekunde 15 unazidisha mara nne, kichanga anapumua haraka haraka halafu anatulia halafu anaanza tena kwahiyo ukikata njiani unapata namba ya uongo. Chini ya miezi 2 ikifika 60 hiyo ni kasi, miezi 2 hadi 12 ni 50, mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Na ukihesabu akiwa analia hiyo namba usiiandike.

Baada ya hapo sikiliza moyo na mapafu akiwa ananyonya au kasinzia, pasha kwanza stethoskopu kwenye kiganja maana lile chuma la baridi peke yake linatosha kumwamsha. Tumbo linafuata. Koo, masikio na sehemu yoyote inayouma unaacha mwisho kabisa, ukianza na koo hiyo siku imeisha hata umbembeleze vipi. Na akilia usikimbie, kabla ya kutoa sauti nyingine lazima avute pumzi ndefu, hapo ndo hewa inaingia vizuri unasikiliza mapafu na hapo hapo tumbo linalegea unapapasa bandama. Wenyeji tunasubiri hiyo sekunde.

Koti jeupe vua kama sista hana shida nalo, watoto waliokwishachomwa sindano wanalijua hilo koti kuliko unavyodhani.

Kingine, zile dalili nne za hatari zijue hata ukiamshwa usingizini: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hajitambui. Ukiona moja hapo acha kuandika historia, nenda kaite mtu.

Bwana_Gas:

Mimi sio dokta ila beba biskuti mkuu, hakuna mtoto anayekataa biskuti 😂

Intani_Asiyelala:

@Bwana_Gas utatuletea balaa, huyo mtoto labda anasubiri kuingia thieta au yupo kwenye maziwa ya utapiamlo yanayopimwa kwa mililita, wewe unampa biskuti. Kalamu yenye rangi au tochi inatosha, hata glovu ukiipuliza ikawa puto anakupenda, ila usimwachie akaiweka mdomoni.

Sista_Zamu_ya_Usiku:

Mwanangu mimi ni nesi, wodi ya watoto nimekaa miaka mingi, wanafunzi wengi nimewaona wakiingia na kutoka na wengine sasa hivi ni mabingwa wananiita mama. Nikwambie kitu ambacho kwenye mihadhara hamkipati.

Mama wa huyo mtoto ndo mgonjwa wako wa kwanza. Mwite kwa jina la mwanae, mama Zawadi, mama Juma, usimwite "wewe mama wa kitanda cha sita", utashangaa anakueleza mpaka yale ambayo hukuuliza. Kama ni bibi kamleta, mpe shikamoo yake, halafu muulize anaishi na huyu mtoto tangu lini na mama yake yuko wapi. Hilo swali ni la ugonjwa sio umbea. Mara nyingi mama kaenda kutafuta kazi mjini, mtoto kaachishwa ziwa ghafla akiwa mdogo, na hapo ndipo kukonda kulipoanza.

Kisha omba kadi ya kliniki. Wanafunzi wengi wanaipita wakati kila kitu kipo pale, uzito wa kuzaliwa, chanjo, na ule mchoro wa uzito, tazama mstari ulikuwa unapanda mpaka mwezi gani ukaanza kulala, halafu mrudishe mama kwenye mwezi huo, kulitokea nini mwezi ule. Aliugua surua? Alibeba mimba nyingine? Baba aliondoka? Kadi ikiwa haipo tazama kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, bega la kulia, angalau ujue alifika kliniki siku za mwanzo.

Sasa kuna haya mambo ya mtaani ambayo mtu wa darasani anayadharau. Mtoto kakonda, nywele zimebadilika rangi, miguu imevimba, huko nyumbani washasema kabemendwa, yaani mama au baba katoka nje ya ndoa ndo maana mtoto yuko hivyo. Huyo mama anafika kwako akiwa ameshahukumiwa na mama mkwe, mawifi na majirani. Wewe ukianza na ukali, "ulikuwa unamlisha nini huyu", anafunga mdomo na keshokutwa anatoroka wodini na mtoto. Muulize kwa upole jana alikula nini asubuhi, mchana na usiku, nani alimlisha, ana sahani yake au anakula na wakubwa zake. Halafu bonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba uone kama panabaki shimo. Wapo mama wanakwambia mwanangu amenenepa wiki hizi mbili, kumbe ni maji hayo.

Vile vile kimeo. Kikohozi hakiishi, atakwambia tulishamkata kimeo. Usikunje uso. Uliza lini, kwa kifaa gani, damu ilitoka nyingi, chanjo za pepopunda alikamilisha? Mtoto anakuja ameishiwa damu mnatafuta malaria na selimundu, kumbe alikatwa juzi na damu anaimeza. Na degedege, wako watu wanaamini kabisa kuwa degedege sio la hospitali, mtoto akichomwa sindano atakufa, kwahiyo amepitishwa kwingine kwanza. Ukiuliza "mlimpeleka kwa mganga?" jibu ni hapana. Uliza "kabla ya kuja hapa nyumbani mlimsaidia na nini?" utaambiwa dawa iliyonyweshwa, iliyofukizwa na chale zilipochanjwa.

La mwisho, wodi ya watoto wachanga usiingie na saa, pete wala mikono michafu, nitakutoa. Ukiona mama kamfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi usimfungue fungue ili uchunguze, hiyo kangaroo ndo tiba yenyewe. Ilianza Kolombia mwaka 1978 kwa sababu mashine za kuwapasha joto njiti hazikutosha, na mpaka leo hata zikiwepo bado kifua cha mama kinahitajika.

Kijana_wa_Mabibo:

Sista shikamoo, na ahsante sana mama. Hili la kadi sikuwa nalijua kabisa, nilidhani ni ya chanjo tu. @Intani vipi kuhusu dozi, maana nimeona mnaandika bila hata kufungua kitabu.

Intani_Asiyelala:

Dozi zitaingia zenyewe ukishaandika mara nyingi. Kama huna uzito tumia fomula, umri jumlisha 4 zidisha kwa 2, kuanzia mwaka 1 hadi 10. Mtoto wa miaka 3 ni kilo 14. Unaenda nayo.

Mjukuu_wa_Giriama:

Hamjambo wadau, mimi niko pwani ya Kenya, kwetu digrii ya udaktari (MBChB) ni miaka 6 na watoto nimewapitia nikiwa mwanafunzi na tena kwa intanshipu. Ndugu Intani hapo kwa fomula napinga kidogo. Hiyo fomula ni ya mtoto ambaye anakula vizuri, na ni ya dharura pekee, yaani mtoto ameingia anatetemeka na huna sekunde ya kumweka kwa mizani. Wodini hakuna sababu. Sasa chukua huyo wako wa miaka 3, fomula inakupa 14, kumbe ukimpima ana kilo 10 kwa sababu amekonda. Ana malaria kali unampa atesuneti, chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, ukitumia fomula unampa 42, haki yake ni 30. Kichupa cha miligramu 60 ukishachanganya kwa ajili ya mshipa kila mililita ina miligramu 10, kwahiyo umevuta 4.2 badala ya 3. Na hiyo ni dawa yenye inasamehe, jaribu hesabu hiyo hiyo kwa jentamaisini uone figo zitasemaje.

Bro mwanafunzi, usijaribu kukariri dozi zote, hakuna mtu anazijua zote, hata konsaltanti anafungua kijitabu na ukimwona anafungua jua huyo ni mzuri. Kariri zile za dakika tano za kwanza kwa sababu hapo hakuna muda wa kufungua. Degedege halikatiki, daizepamu kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo. Sukari imeshuka, au huna kipimo na hajitambui, dekstrosi ya 10% mililita 5 kwa kilo. Na kila mtoto hajitambui pima sukari, kila mmoja, hata kama malaria imeshaonekana kwa kipimo, kwa sababu malaria yenyewe inakula sukari.

Maji ya mshipani ya siku nzima nayo kariri, ni rahisi. Kilo 10 za kwanza ni mililita 100 kwa kila kilo, 10 zinazofuata ni 50, zinazobaki ni 20. Mtoto wa kilo 14 anapata 1000 na 200, jumla 1200 kwa saa 24, yaani 50 kwa saa. Sasa hapa ndipo wanafunzi hupotea, unaandika 50 kwa saa halafu nesi anakuuliza ni matone mangapi. Seti ndogo ya dripu ya watoto ina matone 60 kwa mililita, so 50 kwa saa ni matone 50 kwa dakika, namba ni ile ile huhitaji hata kalkuleta. Seti ya kawaida ikiwa ni ya matone 20 basi ni kama 17. Tazama pakiti imeandikwa ngapi kabla hujafungua mdomo.

Na Sista, BCG kwetu inachomwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kwahiyo mkipata mtoto amevuka Horohoro msiandike hajachanjwa 😄

Sista_Zamu_ya_Usiku:

Hahaa sawa mwanangu, hilo nalichukua. Na hapo pa matone umenena, kila siku nagombana nao.

Kijana_wa_Mabibo:

Hapa kwenye maji nina swali jingine. Kwenye kozi ya dharura ya watu wazima tulifundishwa mgonjwa yupo kwenye shoku, yaani damu haifiki vizuri mwilini, unamwaga maji haraka mshipani. Rafiki yangu juzi kasema hivyo kwenye raundi, kuna mtoto ana homa kali, mikono ya baridi, bingwa akamkatiza, akamwambia akasome kwanza. Sasa mtoto yupo shoku humpi maji unampa nini?

Rezidenti_Uchovu:

Naona watu wote wamesinzia ngoja nijibu mimi nipo zamu. Bingwa alikuwa sahihi na hii stori ni yetu wenyewe Afrika Mashariki kwahiyo unatakiwa uijue vizuri kuliko mwanafunzi wa Ulaya.

Kulikuwa na utafiti unaitwa FEAST, matokeo yalitoka 2011. Walichukua watoto 3,141 wenye homa kali na damu haifiki vizuri mwilini, hospitali za Uganda, Kilifi huko kwa mjukuu wa Giriama, na hapa kwetu Muheza. Wengine wakapewa maji ya chumvi haraka, wengine albumini haraka, wengine wakaachwa na maji ya kawaida ya taratibu tu pamoja na tiba nyingine zote. Kila mtu alitegemea waliomwagiwa maji watapona zaidi. Ndani ya saa 48 waliofariki kwenye makundi mawili ya maji ya haraka walikuwa asilimia 10.6 na 10.5, kwenye kundi lisilomwagiwa asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria, na wengi tu damu kidogo sana, mtoto kama huyo anahitaji damu, oksijeni, dawa ya ugonjwa wenyewe, sio ndoo ya maji kwenye moyo ambao tayari umechoka.

LAKINI, na hapa ndo nataka usome mara mbili maana nimeona wanafunzi wakisikia FEAST wanaogopa maji hata pale yanapotakiwa. Watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye huo utafiti, na wenye utapiamlo mkali pia hawakuwemo. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole zaidi ya sekunde mbili, hawezi kunywa, huyo ni plani C, ule utaratibu wa kurudisha maji haraka, mililita 100 kwa kilo mshipani. Chini ya mwaka mmoja 30 za kwanza kwa saa 1 na 70 zilizobaki kwa saa 5. Zaidi ya mwaka 30 kwa nusu saa na 70 kwa saa 2 na nusu. Huyo ukimnyima unamuua wewe. Na akiwa na utapiamlo mkali hii plani C haimhusu, ana utaratibu wake, maji yake mengi ni ya mdomoni au mpira wa puani, mshipani mpaka awe kwenye shoku kweli na kwa taratibu mno, kwa sababu moyo wake umekonda kama misuli mingine ilivyokonda. Huyo pia usimwandikie madini ya chuma wiki ya kwanza hata kama damu iko chini, subiri mpaka aanze kula kwa hamu na kuongezeka uzito.

Kwahiyo kabla hujasema shoku jiulize shoku ya nini. Wagonjwa watu wazima wanasamehe ukikosea hilo, watoto hawasamehi.

Intani_Asiyelala:

Mkuu heshima yako. Nime-save hii.

Mama_Wawili:

Habari zenu madaktari, samahani naingilia, mimi ni mzazi tu, mwanangu wa kwanza ana sikoseli na tumelazwa mara nyingi, wanafunzi nawajua vizuri.

Nataka kumwambia huyu kijana kwamba sisi wazazi hatuwachukii. Kinachochosha ni kwamba anakuja wa kwanza anabonyeza bandama, anakuja wa pili anabonyeza, wa tatu wa nne, hakuna anayesema anaitwa nani, hakuna anayemwambia mtoto nataka kukushika tumbo, wanaongea kizungu juu ya kichwa chake wanaondoka. Mwanangu ana miaka saba anaelewa kila kitu, ukimuuliza yeye mwenyewe maumivu yapo wapi atakuonyesha na atakwambia leo ni kama ya mwezi uliopita au yamezidi. Kuna mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa akija anamwambia nipe namba ya maumivu, moja mpaka kumi, basi mtoto akawa anamsubiri yeye tu.

Na jambo la pili, alipokuwa na miezi minane vidole vya mikono na miguu vilivimba, analia usiku kucha. Nilizunguka zahanati mbili nikaambiwa mara kadondoshwa na dada wa kazi mara ni baridi, nilimfukuza yule binti wa watu bure. Aliyekuja kusema tupime damu ya sikoseli alikuwa daktari kijana kabisa. Kwahiyo someni, na mkiona vidole vya mtoto vimevimba pande zote msiseme kaanguka.

Rezidenti_Uchovu:

Pole sana mama na ahsante kwa kuandika. Kijana hiyo aya ya mwisho ya mama ndo shoti kesi (mgonjwa wa kuulizwa kwa kifupi) ya mtihani, vidole kuvimba mikono na miguu kati ya miezi 6 na miaka 2. Kwa nini sio akiwa kichanga? Kwa sababu anazaliwa na damu ya tumboni kwa mama, hemoglobini F, inamlinda miezi ya mwanzo halafu inapungua. Tanzania tupo kwenye nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, ukitoka kwenye rotesheni hujui penisilini ya kila siku hadi miaka 5 na dawa ya haidroksiurea basi ulienda kutembea.

Kuhusu swali lako la mwisho ambalo naona kila mtu amelikwepa. Watoto watafariki, wengine mikononi mwako. Mnaanza watoto mkidhani mtazoea, mimi nipo mwaka wa pili wa MMed, yaani masomo ya ubingwa, sijazoea na sijui kama nataka kuzoea. Ninachofanya, sikimbii. Mwanafunzi akiona mambo yameharibika anajificha nyuma ya pazia au anaenda kantini, mama anabaki na sista peke yake. Kaa. Huna la kusema, usiseme kitu, mletee kiti, mshikie begi, mtafutie simu ampigie baba. Usimwambie Mungu alimpenda zaidi na usimwambie utapata mwingine. Baadae nenda na wenzako mkae mpitie lile faili, alifika saa ngapi, dozi ya kwanza aliipata saa ngapi, wapi tungewahi. Kwangu kupitia faili ndo kunanisaidia kulala, wengine wanaenda kanisani au msikitini au kucheza mpira, vyote sawa. Rafiki yako asiyeongea mtafute leo, sio Jumatatu. Kama hali, halali na hataki kuja wodini mpeleke kwa mlezi wa wanafunzi au kliniki ya afya ya akili, wanapokea wanafunzi pia wala sio aibu.

Na ujue vilevile kwamba wengi wanapona. Mtoto wa malaria kali anaingia usiku hajitambui, kwenye kipimo cha kujitambua cha Blantaya ana 2 kati ya 5, keshokutwa asubuhi unamkuta amekaa anagombania uji. Kwa watu wazima hiyo huipati mara nyingi. Hata takwimu zinaonyesha, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 vifo vya chini ya miaka mitano vilikuwa 67 kwa kila vizazi hai 1000, wa 2022 vikawa 43. Ila vichanga wa chini ya mwezi mmoja tulikuwa 25 tukafika 24, yaani hapo tumekwama. Ukiwa unatafuta pa kujifunza kazi kweli kaa wodi ya vichanga, jifunze kumpumulisha mtoto kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa, ndani ya dakika ya kwanza, jifunze kutambua manjano kwenye ngozi nyeusi, bonyeza ncha ya pua na unyayo kwenye mwanga wa dirisha. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza hayana mjadala, usimwambie mama amwanike juani, huyo ni wa kupimwa damu na kuwekwa kwenye taa.

Bwana_Gas:

Mimi nilikuja na biskuti nimeondoka na shule nzima. Ila kuna mtu atuambie, kwa watoto kuna hela?

Mjukuu_wa_Giriama:

@Bwana_Gas ukitaka hela nenda mifupa. Watoto hata sindano unachoma ndogo na bili inakuwa ndogo 😅

Kijana_wa_Mabibo:

Nimesoma yote mara mbili. Rezidenti nimempigia jamaa, tumeonana, amekubali kesho twende wote kwa mlezi. Mama Wawili pole na ahsante, nitasema jina langu kila kitanda.

Swali la mwisho kabisa halafu nawaacha mlale. Kwenye kupresenti longi kesi, yaani kumweleza mgonjwa mmoja kwa kirefu mbele ya walimu, naanzia wapi, maana naona kwa watoto kuna ujauzito, kuzaliwa, chanjo, lishe, makuzi, familia, nikisema vyote muda unaisha.

Intani_Asiyelala:

Vyote unaviuliza, sio vyote unavisema. Kichanga wa siku 3 anzia mimba na kuzaliwa, alilia hapo hapo au alichelewa, hapo makuzi hayana kazi. Mtoto wa miaka 2 hatembei, hapo makuzi ndo kesi yenyewe, shingo ilikaza lini, alikaa lini, na alilia alipozaliwa? Mtoto wa pumu wa miaka 9 hakuna atakayekuuliza alinyonya mpaka lini. Sentensi ya kwanza iwe na umri, jinsia, UZITO na kilichomleta na ni siku ngapi. Ukisahau uzito utasimamishwa hapo hapo, wanasubiri hilo tu.

Na Jumatatu njoo na saa yenye mshale wa sekunde, ya kubana mfukoni kama zile za manesi maana Sista hataki ya mkononi huko kwa vichanga.

Kijana_wa_Mabibo:

Si nitatumia simu tu mkuu?

Sista_Zamu_ya_Usiku:

Simu yako na vijidudu vyake itabaki kwenye begi mwanangu. Nunua saa.